Maswali ya Wasomaji: Howland, Kisiwa Kisicho na Maji Kilichopigwa Mabomu

Katika chemsha bongo ya toleo lililopita tuliuliza ni kisiwa gani kidogo, kilicho karibu na ikweta na kisicho na mkazi hata mmoja leo, kilichopigwa mabomu siku moja tu baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor. Jibu lilikuwa Howland. Tulidhani jambo limeishia hapo, lakini barua kutoka Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba zimefuatana, na nyingi zinauliza mambo ambayo nafasi ya chemsha bongo haikuruhusu kuyaeleza. Kwa hiyo safu yote ya mwezi huu ni ya kisiwa hicho.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, kisiwa hicho kiko wapi hasa? Nimekitafuta kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani shuleni kwetu nikaona bahari tupu. Nieleze na ukubwa wake, maana sisi tuliozaliwa visiwani tunapata taabu kuelewa kisiwa kisichokaliwa. Huku kwetu hata mwamba wenye miti mitatu una kambi ya wavuvi.
Mwalimu, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mwalimu, ramani yenu haina kosa. Howland ni kidogo mno kiasi kwamba mchora ramani ya ukutani angelazimika kuweka nukta iliyo kubwa kuliko kisiwa chenyewe, na wengi huona afadhali kuacha. Kipo katikati ya Bahari ya Pasifiki, chini kidogo ya nyuzi 1 kaskazini mwa ikweta, na karibu nyuzi 177 magharibi mwa Greenwich, yaani jirani kabisa na mstari wa kubadilishia tarehe. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 16,000 kuelekea mashariki. Mji mkubwa unaotajwa kama jirani yake ni Honolulu katika visiwa vya Hawaii, nao uko umbali wa takriban kilomita 3,100. Jirani wa kweli ni kisiwa kingine kidogo kiitwacho Baker, kilomita zipatazo 70 kusini, ambacho nacho hakina watu.

Urefu wa Howland kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita mbili na nusu, na upana wake haufiki kilomita moja. Ukitaka kipimo cha nyumbani, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, pale mbele ya Capri Point, ina kilomita za mraba 2.18 pamoja na sehemu yake ya maji. Howland chote, kama kingeletwa Mwanza, kingekaribiana na eneo hilo. Tofauti ni kwamba Saanane ni miamba iliyopanda juu, yenye miti na vivuli, ilhali Howland ni mchanga na matumbawe yaliyolala karibu sawa na bahari. Kingo zake zimeinuka kidogo na katikati pamebonyea, kama sinia, na mahali pa juu kabisa hapazidi mita chache kutoka usawa wa maji. Hakuna kilima, hakuna kijito, hakuna kisima cha maji baridi. Kuna majani machache, mimea itambaayo, na vichaka vifupi vilivyozoea chumvi.

Hata kufika si kazi rahisi. Kisiwa kimezungukwa na ukingo mwembamba wa matumbawe, na nje ya ukingo huo bahari inashuka ghafla kwenda kina kirefu, hivyo meli hazipati bandari wala mahali pazuri pa kutia nanga. Mtu hushushwa kwa mashua ndogo, akavuka mawimbi yanayopasukia kwenye matumbawe hadi upande wa magharibi ambako ndiko kwenye nafasi ya kuteremkia. Wavuvi wa kwetu wangekaa siku mbili wakavue, ya tatu wakaondoka kufuata maji ya kunywa, na nadhani hilo linatosha kulijibu swali la kwa nini hakuna kambi.

SWALI: Umesema kiko karibu na ikweta na hakina mvua. Sisi tuko hapohapo ikweta na mvua ya ziwani inatupindulia mitumbwi. Inakuwaje?
Mvuvi, Igombe

JIBU: Swali lako, mzee wangu, ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu watu wengi waliosoma huamini kwamba ikweta na mvua ni ndugu wasioachana. Mvua haifuati mstari wa kwenye ramani. Inahitaji hewa yenye unyevu, na inahitaji kitu cha kuipandisha hewa hiyo juu hadi ipoe na kugeuka mawingu.

Ziwa Victoria lina vyote viwili. Maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima na hutoa mvuke mwingi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda pwani, na mawingu yakajengeka juu ya nchi kavu wakati wa alasiri. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote za pwani kuingia ziwani, na pepo hizo zinapokutana katikati hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo sababu dhoruba za radi ziwani ni kali zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo ninyi mko majini na karabai zenu mkivua dagaa.

Pasifiki ya kati ina hadithi nyingine. Pepo za kudumu zinazovuma kutoka mashariki husukuma maji ya juu, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia maji hayo huvutwa kaskazini upande mmoja wa ikweta na kusini upande wa pili. Pengo linalobaki kwenye mstari wa ikweta hujazwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka chini. Hewa iliyokaa juu ya maji ya baridi haina nguvu ya kupanda, kwa hiyo anga hubaki kweupe siku nyingi na jua linawaka bila huruma. Kisiwa chenyewe nacho ni kidogo na bapa. Hakina mlima wa kuisukuma hewa juu wala ardhi ya kutosha kujitengenezea upepo wake wa mchana. Matone machache yanayodondoka hupenya kwenye matumbawe na kupotea.

Kuna wakati hali hiyo hubadilika. Ikija elnino, pepo za mashariki hulegea, maji ya moto yaliyokuwa yamerundikana magharibi mwa Pasifiki husogea kuelekea katikati na mashariki, na mvua huyafuata. Wakati huohuo mvua za vuli za Afrika Mashariki mara nyingi huzidi kipimo. Wasomaji wenye umri watakumbuka mvua za mwaka 1997 zilizoendelea hadi 1998, zikavunja madaraja na kukata njia. Basi ukiona elnino imekushika huku, jua kwamba na visiwa vikavu vya katikati ya Pasifiki vinaweza kuwa vinalowa.

Ukavu huu ndio ulioleta watu wa kwanza wa biashara. Ndege wa baharini walitua Howland kwa maelfu ya miaka wakaacha kinyesi, na kwa kuwa hakukuwa na mvua ya kukisafisha, kilirundikana hadi kikawa tabaka nene la mbolea, ambayo wafanyabiashara waliiita gwano. Miamba ya ziwa letu nayo hupakwa chokaa na minandi, lakini kila msimu wa masika huiosha. Mwaka 1856 Marekani ilitunga sheria iliyomruhusu raia wake yeyote aliyegundua kisiwa chenye gwano, kisicho na mwenyewe wala wakazi, akidai kwa niaba ya nchi yake. Howland kilidaiwa mwaka uliofuata, kampuni za Kimarekani zikakichimba hadi mwaka 1878, na baadaye kampuni ya Kiingereza ikaja kukwangua mabaki hadi 1891. Mbolea ilipokwisha, watu waliondoka na kisiwa kikasahaulika kwa zaidi ya miaka 40.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mmesema kisiwa hakikuwa na watu, lakini nimesoma mahali kwamba mabomu yaliua watu wawili. Walitoka wapi? Na kwa nini nchi itumie mabomu kupiga mchanga?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nyamagana

JIBU: Marahaba. Chemsha bongo yetu ilisema kisiwa hakina watu leo. Mwaka 1941 kilikuwa nao wanne.

Ili kuelewa walivyofika huko, inabidi kwanza kukumbuka ndege za miaka ya 1930. Zilikuwa hazina uwezo wa kuruka mbali bila kujaza mafuta. Hapa kwetu ndege za Kiingereza zilizotua majini, zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini, zilikuwa zikishuka Port Bell na Kisumu kwa sababu ziwa liliwapa uwanja wa bure katikati ya safari. Pasifiki haina ziwa wala nchi kavu. Kati ya Hawaii na Australia kuna visiwa vidogo tu, na aliyevimiliki ndiye angeamua ndege za nani zitavuka. Howland kipo karibu nusu ya njia hiyo. Kwa hiyo kisiwa ambacho hakikuwa na thamani hata ya debe moja la maji kilipata thamani kubwa kwa sababu moja tu, nayo ni mahali kilipokaa.

Marekani na Uingereza zote mbili zilikuwa na madai ya zamani juu ya visiwa vya eneo hilo. Kudai kwa karatasi hakukutosha. Ilitakiwa kuonyesha kwamba watu wako wanakaa hapo. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilianza kimyakimya kuwapeleka vijana Howland, Baker na Jarvis. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Hawaii, na wa mwanzo walichukuliwa kutoka shule za Kamehameha za Honolulu, wakilipwa dola 3 kwa siku. Waliishi wachache wachache, kwa kawaida wanne kwa kisiwa, na meli iliwabadilisha baada ya miezi kadhaa. Maji yalikuja kwa mapipa, chakula kilikuwa cha makopo, na kilichobaki walijivulia wenyewe. Waliandika hali ya hewa kila siku, wakakusanya mimea na wadudu kwa ajili ya jumba la makumbusho, wakajenga vibanda, na baadaye wakasaidia kusafisha njia ya kurukia ndege. Mwezi Mei 1936 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri iliyoviweka visiwa hivyo rasmi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani. Hadi mpango ulipokoma mwaka 1942, vijana zaidi ya 130 walikuwa wamepokezana visiwani.

Nitasema wazi ninavyoliona jambo hili. Vijana wale walikuwa hati ya kumiliki ardhi, tofauti ni kwamba hati haioni njaa na haiugui. Mmoja wao aliugua kidole tumbo mwaka 1938 akiwa kisiwani Jarvis, mbali na hospitali yoyote, akafariki. Kuna waliofurahia maisha yale, wakavua na kuogelea na kurudi nyumbani na akiba. Lakini waliowaweka pale walijua thamani ya kuwaweka kuliko walivyowaeleza wao.

Sasa tuje kwenye vita. Tarehe 7 Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor. Siku iliyofuata ndege 14 za kivita za Japani, kila moja yenye injini mbili, zilitokea juu ya Howland na kuangusha mabomu. Richard Whaley na Joseph Keliihananui walijeruhiwa vibaya wakafariki. Wenzao wawili waliosalia waliwazika palepale. Siku mbili baadaye nyambizi ya Japani ikaja ikaelekeza mizinga kwenye vibanda vilivyokuwa bado vimesimama, na katika wiki zilizofuata ndege zilirudi tena mara kadhaa.

Unauliza kwa nini wapige mchanga. Kwa macho ya rubani wa Japani haukuwa mchanga. Palikuwa na njia ya kurukia ndege, na palikuwa na watu walioweza kutuma habari. Haikuwa kazi ya afisa wa Japani kujua kwamba njia ile haikuwa na ndege hata moja, na kwamba askari waliokuwa wakiilinda walikuwa sifuri. Kisiwa kilichotafutwa kwa sababu ya mahali kilipo kilipigwa kwa sababu hiyohiyo.

Vijana wawili waliobaki walikaa pale karibu wiki nane, hawana chombo, hawana jinsi ya kuita msaada, kwenye kisiwa ambacho huwezi kujificha nyuma ya kitu kilichokuzidi kimo isipokuwa vichaka vichache. Tarehe 31 Januari 1942 manowari ya Marekani iitwayo Helm ilifika ikawachukua wao pamoja na wenzao wanne wa kisiwa cha Baker. Miaka kadhaa baada ya vita mabaki ya waliofariki yalihamishwa na kurudishwa Hawaii.

SWALI: Ndege hizo za Japani zilitoka wapi? Japani yenyewe si iko mbali sana na huko?
Mfanyakazi wa bandarini, Mwanza Kusini

JIBU: Ni mbali mno, na ndege za wakati ule zisingeweza. Zilitokea visiwa vya Marshall, kaskazini-magharibi mwa Howland. Jibu hilo lina undugu na historia yetu kuliko linavyoonekana, na hapa naomba ruhusa ya kutembea kidogo.

Visiwa vya Marshall vilikuwa koloni la Wajerumani, kama Tanganyika. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Japani, iliyokuwa upande wa Waingereza, ilivichukua mwaka huohuo bila shida. Kwetu ilichukua muda mrefu zaidi. Baada ya vita Shirika la Mataifa liligawa makoloni ya Wajerumani yawe ya udhamini: Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza, Marshall ikakabidhiwa Japani. Mdhamini hakuruhusiwa kujenga ngome za kijeshi, lakini Japani ilipojitoa katika Shirika hilo, hakukuwa tena na mtu wa kuizuia, na Marshall ikawa na viwanja vya ndege za kivita. Hivyo mkataba uleule uliomleta gavana wa Kiingereza Dar es Salaam ndio uliowapa Wajapani mahali pa kurukia kwenda Howland.

SWALI: Je, visiwa vya ziwa letu navyo viliwahi kuingia vitani? Babu alikuwa akitaja mizinga ya Bukoba lakini hatukumuuliza vizuri.
Msomaji, Bukoba

JIBU: Viliingia, na babu yako alikuwa na habari za kweli. Katika Vita ya Kwanza mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulikata ziwa hili katikati. Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi, zikitokea Kisumu, ambazo walizifunga mizinga. Wajerumani walikuwa na boti yao iliyoitwa Muansa. Meli moja ya Waingereza, Sybil, iligonga mwamba karibu na Majita mwishoni mwa mwaka 1914 ikaachwa hapo.

Mizinga ya Bukoba ni ya tarehe 22 na 23 Juni 1915. Waingereza walivuka ziwa usiku, wakashuka, wakapigana siku mbili, wakaubomoa mnara wa simu isiyo na waya uliowaunganisha Wajerumani wa Bukoba na wenzao, kisha wakarudi Kisumu bila kuukalia mji. Unaona kwamba lengo lilikuwa mnara wa mawasiliano, kama ambavyo njia ya ndege ilivyokuwa lengo kule Howland.

Ukerewe ilitekwa Juni 1916. Wajerumani walikuwa wakiitegemea kwa mpunga wa kulishia askari wao, na Waingereza walitaka kuukata mlo huo kabla ya kuja Mwanza. Mji wenyewe ulichukuliwa tarehe 14 Julai 1916, Wajerumani wakiwa wameshaanza kurudi nyuma kuelekea Tabora. Tofauti na Howland, hapa palikuwa na wenyewe: mpunga ulikuwa wa watu, mitumbwi ilikuwa ya watu, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili walikuwa watu wa kandokando ya ziwa hili. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya historia haijaandikwa inavyostahili, na mzee yeyote mwenye masimulizi aliyoyapokea kwa wazazi wake ayaandike au ayasimulie kwa mjukuu mwenye simu ya kurekodi.

SWALI: Mimi nilisikia kwamba kisiwa hicho ndicho alichokuwa akikitafuta yule mama rubani wa Marekani aliyepotea. Ni kweli alikamatwa na Wajapani?
Mama mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni, Kirumba

JIBU: Ni kweli alikuwa akikitafuta, dada. Amelia Earhart alikuwa akizunguka dunia kwa kufuata maeneo ya karibu na ikweta, na mwezi Juni 1937 alivuka Afrika kutoka Dakar kupitia Khartoum. Tarehe 2 Julai aliruka kutoka Lae, katika kisiwa cha New Guinea, pamoja na mwongoza njia wake Fred Noonan, akiwa na zaidi ya kilomita 4,000 za bahari mbele yake. Njia ya ndege ya Howland ilikuwa imetengenezwa kwa ajili yake, ikapewa jina la James Kamakaiwi, kijana wa Hawaii aliyekuwa kati ya viongozi wa wenzake kisiwani. Meli ya doria ya Marekani, Itasca, ilikuwa imesimama karibu na kisiwa ikitoa moshi na kutuma ishara za redio. Waliisikia sauti yake ikisema kwamba anapaswa kuwa juu yao lakini hawaoni, na kwamba mafuta yanapungua. Yeye inaonekana hakuwasikia ipasavyo. Hakutua.

Kuhusu kukamatwa na Wajapani, ushahidi unaokubalika na wanahistoria haujapatikana. Wapo wanaoamini alitua kwenye kisiwa kingine, na wapo wengi wanaoona ndege iliishiwa mafuta ikazama karibu na Howland, na mimi ni mmoja wa hao, kwa kuwa kisiwa cha urefu wa kilomita mbili na nusu, kilicho sawa na maji, chini ya vivuli vya mawingu vinavyofanana nacho, ni rahisi sana kupitwa na rubani aliyekuwa hewani usiku kucha.

Ninaongeza jambo moja, kwa kuwa jina la mama huyu limekifunika kisiwa kabisa. Kumtafuta kulichukua zaidi ya wiki mbili na manowari kadhaa, ikiwemo meli kubwa ya kubebea ndege iitwayo Lexington. Mnara wa mchana uliojengwa kisiwani, usio na taa inayowaka usiku, ulipewa jina lake. Whaley na Keliihananui, ambao walifika Howland wakaishi, wakafanya kazi na kufia hapo, wanajulikana na wachache nje ya Hawaii, na wenzao walingoja karibu wiki nane hadi manowari moja ikaja. Najua kwamba wakati wa vita meli hazikuwepo za kutosha, lakini hesabu hiyo bado inanisumbua.

SWALI: Baada ya vita je? Kwa nini Wamarekani hawakukirudia?
Msomaji, Musoma

JIBU: Walikirudia kwa muda mfupi. Septemba 1943 askari wa majini wa Marekani walikikalia, na kilihesabiwa kuwa kituo cha ndege cha jeshi la majini hadi Mei 1944. Hata hivyo kazi kubwa ilipewa jirani yake, Baker, ambako uwanja wa ndege wa kweli ulijengwa mwezi huohuo wa Septemba 1943 na kutumiwa na ndege za mabomu katika mapambano ya visiwa vya Gilbert. Juni 1944 ndege moja ya majini ya Marekani iliwaka moto injini karibu na Howland, rubani akaikokota hadi ufukweni, ikaungua yote, lakini wafanyakazi wake wote walitoka salama na kuokolewa. Nadhani huo ndio msaada wa pekee ambao kisiwa kile kiliwahi kumpa rubani.

Vita vilipokwisha, ndege zilikuwa zimeongezewa uwezo wa kuruka masafa marefu, na kituo cha katikati ya bahari hakikuhitajika tena. Thamani iliyokiletea kisiwa mabomu iliyeyuka ndani ya miaka isiyozidi kumi. Mwaka 1974 kilifanywa hifadhi ya wanyamapori, na mwaka 2009 bahari inayokizunguka iliingizwa kwenye eneo kubwa linalolindwa. Paka walioletwa na watu, paka ambao walikuwa wakila makinda ya ndege, waliondolewa kisiwani miaka ya 1980, na tangu hapo membe na ndege wengine wa baharini wamerudi kuzaliana kwa wingi. Kama mbolea itarundikana tena, itachukua karne nyingi, na safari hii hakuna aliyeruhusiwa kuichimba.

SWALI: Mtanzania anaweza kwenda? Na je, huko sasa hivi ni saa ngapi?
Dereva wa daladala, Buzuruga

JIBU: Kwenda kunahitaji kibali cha idara ya Marekani inayosimamia wanyamapori, na vibali hivyo hupewa hasa watafiti, ambao nao hufika mara chache kwa meli na kukaa muda mfupi. Hakuna njia ya ndege inayofaa, hakuna bandari, na utabeba maji yako mwenyewe.

Kuhusu saa, Howland na Baker ndiyo maeneo ya mwisho duniani kumaliza siku. Yako nyuma yetu kwa saa 15. Unapoondoka stendi Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, huko bado ni Jumatatu, saa tisa alasiri.